Majani Makavu Sebuleni

Miaka ile sakafu za mtaa wetu wa Soweto zilikuwa nyekundu. Mtu akijenga nyumba pale Moshi, hata kama kuta za nje hazijapigwa lipu, ndani alihakikisha saruji imepakwa rangi nyekundu, na kila Jumamosi inasuguliwa kwa dawa nyekundu ya kopo mpaka mgeni akifika mlangoni anavua viatu bila kuambiwa. Mimi niliolewa kwenye sakafu ya namna hiyo. Nilikuwa na makochi ya velveti ya kahawia, kabati la vyombo lenye vioo, na vitambaa vyeupe nilivyofuma kwa mkono wangu, kimoja kwa kila mgongo wa kochi. Halafu nikazaa watoto watatu mfululizo.

Sitaki kujifanya mtu wa subira. Hasira zangu ziko karibu. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nilizaliwa nimeshakunja uso. Mkubwa wangu wa kiume alikuwa na miaka minne, wa pili wa kike alikuwa anakaribia mitatu, na wa mwisho, wa kiume tena, alikuwa anatambaa na kutia mdomoni kila alichokikuta, mende wakiwemo. Mume wangu alifanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani Holili. Biashara ilikuwa imefunguliwa, malori yalipishana mchana kutwa, na yeye alirudi nyumbani Jumamosi jioni tu, akaondoka Jumatatu alfajiri. Alikuta watoto wameoga na chakula kiko mezani. Kwa hiyo kwake watoto walikuwa viumbe wasafi, na mimi nilikuwa mtu wa kulalamika.

Nilikuwa na msichana wa kunisaidia. Siku moja aliaga anakwenda kumsalimu shangazi yake Arusha, na mpaka leo bado anamsalimu. Nikabaki na watatu wangu.

Walimwaga. Sijui niseme nini zaidi. Walimwaga uji wa ulezi, maziwa, maji ya kuoshea vyombo, unga, chumvi, na mara moja walimwaga mafuta ya taa, siku ambayo nililia kwa woga kuliko kwa hasira. Mkubwa alikuwa mpimaji: anajaza kikombe, anamimina kwenye bakuli, anarudisha kwenye kikombe, anakuta kimepungua, anaanza upya huku sakafu ikilowa. Dada yake alikuwa mpakaji. Akipata mafuta ya kupikia alijipaka yeye, akampaka mdogo wake, akampaka na paka wa jirani ambaye hakurudi tena kwetu. Na yule wa kutambaa alikuwa msambazaji. Alipita katikati ya kilichomwagwa na kilichopakwa, akakifikisha vyumba vyote mpaka chini ya kitanda changu.

Nilijaribu kila kitu. Nilifunga sebule kwa ufunguo. Mpimaji wangu akautumbukiza ufunguo chooni ili asikie utafika lini chini. Nilivisha makochi nailoni, wakaipaka mafuta na kuifanya mteremko. Nilifoka mpaka sauti ikakauka, na majirani wakazoea kunisalimu kwa kuniuliza kama kifua kimepona.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane. Aliishi Masama, kule juu, kwenye kihamba cha ukoo wao, yaani ile ardhi ya migomba na kahawa inayozunguka nyumba. Alifuga ng'ombe wa maziwa, alikuwa nguzo ya wamama wa usharika wake, na sijapata kuona mtu aliyesimama wima kama yeye. Mimi ni wa Rombo. Vichagga vyetu havisikilizani, kwa hiyo kama kulikuwa na neno kati yetu tulilisema kwa Kiswahili.

Jumapili moja, mizigo ikiwa imemzuia mume wangu Holili, mama mkwe alishuka mjini baada ya ibada bila taarifa, amevaa gauni lake jeupe. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Huku ndani, mwanangu mkubwa alikuwa ameamua kunisaidia kazi. Alikuwa ameniona mara nyingi nikisugua sakafu, akajua kopo liko wapi na kitambaa kiko wapi. Alianza na sakafu, akaona imependeza, akasugua meza, akasugua kabati, akasugua na makochi yote. Dada yake alikuwa amebaki na mdogo wao, naye akamsugua mdogo wao.

Bibi alipiga hodi, mjukuu akamkaribisha kwa adabu zote, naye akaketi.

Nilipoingia na beseni tupu nilimkuta ametulia kwenye kochi, watoto watatu wekundu wamemzunguka. Nikamwamkia. Akaitikia, akanyanyuka ampokee mdogo, na alipogeuka nikaona gauni lake lote la nyuma limegeuka rangi ya sakafu. Nadhani alisoma usoni mwangu kwanza. Akavuta gauni upande, akalitazama.

"Yelewi!" akasema kwa Kichagga chake. Nikaomba ardhi ipasuke.

Hakufoka. Laiti angefoka. Alikaa tena palepale, maana gauni lilikuwa limeshaharibika, akaniambia kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa: "Mwanangu, nyumba imekushinda. Si aibu. Wewe ni mmoja, hawa ni watatu. Masika yakiisha, barabara ikikauka, nitashuka kumchukua huyu mkubwa nikamlee."

"Mama, mimi ninaweza..."

"Ni mjukuu wangu wa kwanza wa kiume. Baba yake naye alilelewa na bibi yake. Mimi niko peke yangu kule, sina hata wa kumtuma moto kwa jirani. Utapata nafuu, nami nitapata mtu."

Nani angenitetea? Kwetu mlimani bibi kuchukua mjukuu wa kwanza ni jambo la kawaida kabisa, tena la heshima, na mama anayekataa huonekana mchoyo. Mume wangu aliporudi Jumamosi nilimweleza, nikitegemea atashtuka. Akasema, "Mama ana haki yake. Na wewe utapumzika kidogo."

"Sitaki kupumzika," nikamwambia. "Nani amekuambia nataka kupumzika?"

Huyo mtoto ndiye aliyekuwa akiniamsha kila asubuhi kwa kunifungua kope kwa vidole vyake viwili, akachungulia kama nimo ndani. Nilikuwa namkaripia kila siku, na nilikuwa nampenda mpaka naumwa. Wiki ile kila nilipomwona anamimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile, nilikuwa najiwazia nyumba ambayo haina mtu wa kumimina, yenye sakafu kavu na vitambaa vyeupe. Nikaichukia.

Mvua ikaendelea kunyesha, nami nikaiombea iendelee.

Siku moja nilikwenda soko la Mbuyuni kununua ndizi za mtori, wa mgongoni yuko mgongoni, wawili wananishika sketi. Mama mmoja aliyeshuka na mzigo kutoka mlimani alikuwa anafungua mikungu yake. Unajua wanavyofunga: ndizi zinavikwa majani makavu ya mgomba ili zisichubuke njiani. Alikuwa anayavua na kuyatupa nyuma yake, lundo limefika kiunoni. Harufu ile ya majani makavu yaliyopata unyevu ilinishika nikasimama.

Mimi nimelala na harufu hiyo utoto wangu wote. Nyumbani kwetu Rombo ng'ombe walikuwa ndani, upande mmoja wao, upande mmoja sisi. Kazi yangu tangu nikiwa mdogo ilikuwa kutandika. Jioni unaingiza majani makavu ya mgomba, unayatandaza chini ya ng'ombe. Asubuhi unayazoa pamoja na kila alichokiacha, unapeleka kwenye migomba. Basi. Ng'ombe akinya, amekunya. Sikupata kumsikia mama yangu, pamoja na ukali wake wote, akimfokea ng'ombe kwa nini amekojoa ndani. Angeniuliza mimi tu: "Ulitandika?"

Nikaanza kucheka pale sokoni. Mwenye ndizi akaniangalia. "Dada, kulikoni?"

"Nipe na hayo majani."

"Haya ya kutupa?"

"Hayo hayo. Yote."

"Una ng'ombe?"

"Ninao watatu," nikamjibu, "na hawajafundishwa."

Kesho yake asubuhi nilivua vitambaa vyote vyeupe nikavifungia kwenye sanduku. Makochi niliyasukuma ukutani. Katikati ya sebule, juu ya ile sakafu nyekundu ya fahari yetu, nilitandaza majani makavu ya mgomba. Nikawaita wanangu, nikawakalisha juu yake, nikawapa uji wa ulezi, nami nikakaa pembeni nimekunja mikono.

Walimwaga kama kawaida. Mpimaji alimimina, mpakaji alijipaka mpaka masikioni, msambazaji akaliingia bakuli kwa magoti yote mawili. Majani yalinywa kila kitu. Walipomaliza niliwatoa, nikakunja majani kuanzia pembeni kuja katikati kama mtu anayekunja mkeka, nikabeba furushi mpaka uani kwenye migomba yetu michache, nikarudi, nikapitisha kitambaa kibichi sakafuni mara moja. Nyumba ikawa safi. Nikajiuliza nini kimepungua, nikagundua kwamba asubuhi yote sikuwa nimefoka hata kidogo.

Sisemi ilikuwa peponi. Majani yaliacha vumbi. Mara moja alitoka mjusi, mwanangu wa kike akataka kumpaka uji. Msambazaji alikula majani yenyewe, nikaona kwamba wazo la ng'ombe limemwingia vizuri mno. Lakini sheria ilikuwa moja na hata wao waliielewa: kinachomwagika kinakwenda kwenye majani. Kula ni kwenye majani, kumwogesha mdogo ni kwenye majani, kupima maji vikombe kwa vikombe ni kwenye majani, na hapo pima mpaka uchoke, mama hana neno.

Aliyelishika jambo hili kuliko wote ni mkubwa. Wiki chache hazijapita akawa anakuja jikoni kuniuliza, "Mama, nitandike?" Akatandika. Wakimaliza, alikunja mwenyewe, ulimi nje kwa juhudi, akaburuta furushi mpaka uani akishangiliwa na dada yake. Akawa mkali kuliko mimi. Dada yake akibeba kikombe nje ya majani alikuwa akipiga kelele nyumba nzima isikie. Sauti yangu ikapona, yake ikaanza kukauka.

Mume wangu sikumwambia. Jumamosi majani yalikuwa yameshatoka, naye aliona tu makochi yamesogezwa, akauliza kama tunatarajia kucheza muziki.

Masika yakaisha. Jua likatoka, matope ya njia za mlimani yakaanza kushika, na mama mkwe akatuma salamu kwa mtu aliyekuwa anashusha maziwa: Jumamosi nakuja. Nikajipanga. Ijumaa nitatoa majani, nitasugua sakafu, nitavirudisha vitambaa, nitawaogesha watoto na kuwakalisha kama watoto wa picha ya ukutani. Sikuwa na nia kabisa ya kumwonyesha mama mkwe wa Kimasama sebule iliyotandikwa kama zizi.

Alikuja Alhamisi.

Nadhani alifanya makusudi, na hata leo sijamlaumu. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo. Ilikuwa mchana, mlango uko wazi kwa ajili ya joto, watoto wako katikati ya majani wanakula mtori kwa mikono. Kivuli kikaingia mlangoni. Nikainua uso, nikamwona amesimama pale na mtungi wake wa maziwa.

Mwanangu mkubwa alimwahi. "Bibi, vua viatu, usikanyage!"

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Aliyekulia mlimani anajua uzito wa shikamoo iliyobaki hewani. Alitazama majani, akatazama watoto, akatazama makochi yaliyobanwa ukutani.

"Nini hiki?"

"Watoto wanakula, mama."

"Naona wanakula. Wanakula juu ya nini?"

"Majani ya mgomba."

"Majani makavu ya mgomba," akasema taratibu, "hutandikiwa nani?"

"Ng'ombe, mama."

"Kwa hiyo wajukuu zangu ni ng'ombe?"

Niliona kabisa jinsi habari itakavyopanda mlima: mwanamke wa Kirombo amewatandikia watoto wa watu kama mifugo. Baada ya hapo hakuna ambaye angeniuliza kama nakubali. Wangekuja kuwachukua wote watatu. Nilichotakiwa kufanya ni kupiga magoti na kuomba radhi. Badala yake, ile hasira yangu ya karibu ikawahi mbele.

"Mama," nikamwambia, "siku ile uliniambia nyumba imenishinda. Mimi nimelelewa upande wa pili wa ng'ombe kama ulivyolelewa wewe, na sijapata kusikia mwanamke wa mlimani ameshindwa na ng'ombe. Keti uone. Wakimaliza kula, ukikuta tone moja kwenye sakafu, mchukue mtoto leo hii."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Ningeyameza kama ningeweza.

Alivua viatu. Akavuta kigoda, akaweka mtungi pembeni, akakaa karibu kabisa na ukingo wa majani, mikono juu ya magoti. "Haya," akasema. "Tuone."

Wanangu hawajawahi kula vibaya kama siku ile. Ni kama walikuwa wamehongwa. Mwanangu wa kike aliupaka mtori miguuni kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye goti, mguu mmoja kisha mwingine, akiangalia kama imelingana. Mdogo alipindua bakuli lake akalivaa kichwani. Mkubwa, ambaye nilimtegemea, alimuona bibi anamwangalia, akaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha ufundi; akachukua jagi la maji ya kunawa, akamimina kwenye kikombe kutoka juu, halafu juu zaidi, halafu akasimama amimine kutoka juu kabisa. Na wakati maji yale yanatafuta pa kwenda, yule mdogo akakojoa.

Nikauona mwanya. Pale mbele, upande wa kabati, majani yalikuwa yameachana, na mfereji mdogo ulikuwa unashuka katikati yake ukielekea kwenye sakafu nyekundu. Nilikuwa upande wa pili, watoto watatu katikati yetu. Nisingeufikia. Mama mkwe alikuwa hapo hapo, na macho yake yalikuwa kwenye mfereji.

Akasimama. Nikasema moyoni, basi, ameshinda.

Aliinama, akashika majani kwa mikono yote miwili, akayasukuma kwa nyayo, akayapindua. "Nani alikufundisha kutandika hivi?" akafoka. "Nyie Warombo! Unatandaza kama mtu anayeanika! Vikonyo vinaingia ndani, ncha zinatoka nje, la juu linalala kwenye mwanya wa la chini! Katikati nene, pembeni unainua! Mkojo una akili, ukiuachia njia unapita!" Mikono yake ilikuwa inakwenda upesi kuliko ninavyoweza kuieleza. Alichukua majani ya nyuma akayaleta mbele, akayagonga kwa kisigino, ukingo ukasimama kama tuta. Mfereji ukafika kwenye tuta, ukazunguka, ukazama.

Alikuwa bado ameinama. Taratibu akanyoosha mgongo, akatazama sakafu upande wa kabati, nami nikaitazama. Ilikuwa kavu inang'aa.

Hapo ndipo alipogundua alichofanya. Angekaa tu kwenye kigoda chake angerudi Masama na mjukuu. Lakini yule mama alikuwa ametandikia ng'ombe tangu hajaota meno ya pili, na kuona majani yanavuja mbele yake bila kuyashika lilikuwa jambo ambalo mwili wake haukuliweza. Tulitazamana juu ya vichwa vya watoto. Pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Marahaba," akasema.

Nilishinda. Nasema hivyo bila haya yoyote. Mtu anayekusahihisha unavyotandika ameshakubali kwamba utandike. Nilitamani nipige vigelegele pale pale, lakini nilijizuia, nikamwambia tu asante mama, sasa nimejifunza.

Walipomaliza, mkubwa alikunja majani peke yake. Bibi yake alimfuata nyuma mpaka uani, akamwona anavyofungua furushi na kulisambaza kwenye mashina, mbali kidogo na shina lenyewe kama nilivyomfundisha. Akashika mgomba mmoja, akatazama juu kwenye mkungu wake. "Hata mgomba umeshukuru," akasema. Akakaa nasi siku ile, na ya pili. Kila mlo alitandika yeye, mkubwa akiwa msaidizi, na nilimsikia akimwambia kwamba mwanamume anayejua kutandika hafi njaa. Lakini kuhusu safari yao hakusema neno, wala mimi sikuthubutu kuuliza. Nilikuwa nimeshinda sakafu. Sikujua kama nimeshinda mtoto.

Jumamosi jioni baba watoto akafika kutoka Holili. Alisalimia, akaketi kwenye kochi, nikamletea chai ya maziwa. Watoto walikuwa katikati ya sebule kwenye majani mapya wanakula ndizi. Alishangaa majani, lakini kwa kuwa mama yake ndiye aliyekuwa akiyanyoosha alidhani ni utaratibu wa Masama, akaona afadhali asiulize.

"Sasa mama," akasema, kikombe mkononi, "kesho mnaondoka saa ngapi na huyu bwana? Nguo zake zimeshafungwa?"

Na alipokuwa anasema huyu bwana, akanyoosha mkono uleule wenye kikombe kumwelekezea mtoto.

Chai yote ilikwenda kwenye velveti. Sehemu ikamwagika kwenye suruali yake, sehemu ikashuka mguu wa kochi, ikafanya ziwa kwenye sakafu nyekundu. Watoto watatu waliacha kutafuna. Mkubwa alimtazama baba yake kwa masikitiko ya kweli.

"Baba," akasema, "si ungetandika kwanza."

Mama mkwe aligeuka polepole. Alimtazama mwanawe, akatazama ziwa, akanitazama mimi.

"Kumbe nilikosea," akasema. "Wa kuchukuliwa ni huyu. Hawa wengine wana mama yao."

Kisha akanyanyua kifungu cha majani kilichokuwa kando, akanipa. "Mtandikie mume wako."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mume wangu alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka naye, huku ameinua suruali yake iliyolowa. Nilimtandikia kweli, na alimalizia chai yake juu ya majani. Halafu nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikalia peke yangu kwa furaha mpaka nikahitaji upande wa kanga.

Kesho yake baada ya ibada tulimsindikiza bibi hadi stendi, mimi na mkubwa. Alimwekea mjukuu mkono kichwani, akaniambia Krismasi niwapandishe wote watatu, akapanda gari la Masama. Alikaa dirishani, amesimama wima hata akiwa amekaa, na gari likaondoka naye peke yake. Mwanangu alipunga mpaka gari likapotea kwenye kona, kisha akanishika mkono turudi nyumbani. Kiganja chake kilikuwa kinanata. Sijui alikuwa ameshika nini, na sikukifuta. Nilikishika hivyo hivyo mpaka Soweto.